Pikapu Mbili Juu ya Rola

Maneno yalianzia mezani, na kama kawaida ya maneno ya mezani, yalianza kwa utani.

"Mama, gari lako limebaki sauti tu," mwanawe alisema huku akijisogezea bakuli la mchuzi. "Nguvu ilishaondoka na moshi siku nyingi. Pale unaendesha ngoma, si pikapu."

Mama Nozeli aliendelea kutafuna. Alikuwa mwanamke mpana wa mabega, mwenye vidole vilivyoingia weusi wa dizeli kwenye mikunjo hadi sabuni zikakata tamaa. Jina lake la utani lilitokana na kazi. Alikuwa fundi wa pampu na nozeli, vile vichuma vidogo vinavyonyunyizia dizeli ndani ya injini, na mjini pale gari la dizeli likikohoa, mwenye gari hakuuliza alipeleke wapi. Wala hakuwa mtu wa kujishusha. Akisifiwa, aliitikia, "Kweli kabisa."

"Umemaliza?" alimwuliza mwanawe.

"Bado. Injini za zamani zilikuwa nzuri kwa wakati wake, sikatai. Lakini za siku hizi zina kipulizio kinachozisukumia hewa, zina kompyuta, zina nguvu mara mbili na zinakunywa nusu. Si maneno yangu hayo, yameandikwa kwenye kitabu cha gari."

"Ng'ombe hazeeki maini."

"Maini hayapandi mlima na mifuko ya saruji, mama."

Wakacheka wote, isipokuwa mkwe. Mkwe huyu ndiye aliyekuwa dereva wa pikapu mpya, nyeupe, inayong'aa, ambayo majirani waliipa jina la Bwana Harusi kwa jinsi ilivyoingia mtaani siku ya kwanza ikiwa imepambwa kwa utepe. Mumewe, huyo huyo mwana wa Mama Nozeli, alikuwa na biashara ya kusafirisha vifaa vya ujenzi, na kwa kuwa aliandika "Mkurugenzi" kwenye mlango wa chumba kisichotosha meza na mtu kwa pamoja, watu hawakumwita jina lingine. Mkurugenzi alipanga safari na kupokea simu. Mkewe ndiye aliyeshika usukani.

"Hata hiyo mpya," Mkurugenzi akaongeza, sasa utani ukiwa umeshamnogea, "ingekuwa inaruka mlima kama dereva angejua kukanyaga mafuta. Kuna mtu hapa ana mguu wa bibi harusi."

"Nimeshakwambia gari linapumua vibaya," mkwe akasema. Hakuinua sauti. "Mlimani nakanyaga mpaka mwisho. Linahema tu."

"Gari jipya haliumwi, mke wangu. Ni mguu."

Mama Nozeli aliyasikia hayo, na tuseme ukweli, yalimpendeza. Si kwamba hakumpenda mkwe wake. Alimpenda sana, tangu siku alipomwona akibadilisha tairi mvuani bila kumwita mtu. Ila kusikia kwamba Bwana Harusi anashindwa na mlima ilikuwa habari tamu kuliko ule mchuzi, na mtu hatemi tamu.

Sasa, mjini pale palikuwa na chuo cha ufundi, na chuo hicho kilikuwa kimepata mashine mpya ya kupimia nguvu za magari. Aliyeleta habari ni Kinyozi, ambaye kibanda chake kilitazamana na gereji ya Mama Nozeli, na ambaye mdomo wake ulifanya kazi zaidi ya mkasi.

"Ni marola mawili makubwa sakafuni," alieleza, akichora hewani kwa kitana. "Gari linapandishwa juu, linafungwa mikanda lisitoke, halafu unakanyaga. Magurudumu yanazunguka hapo hapo, gari haliendi popote, na mashine inasema una farasi wangapi. Jumamosi wanafungua mlango kwa mtu yeyote mwenye pikapu ya dizeli. Wanafunzi wanataka kujifunzia."

"Farasi?" aliuliza mteja aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Ndivyo nguvu ya injini inavyohesabiwa. Usinitikise."

Mkurugenzi alikuwa amesimama pale akinunua muda wa maongezi. Akamgeukia mama yake, upande wa pili wa barabara, akapaza sauti ili mtaa usikie. "Mama! Unaonaje? Mzee na Bwana Harusi, juu ya rola, mbele za watu?"

Mzee ndilo lilikuwa jina la pikapu ya Mama Nozeli, bluu iliyochujuka kama suruali ya kazini, iliyotoka kiwandani kabla mkwe hajazaliwa. Mama Nozeli alichungulia kutoka chini ya boneti ya gari la mteja. Mtaa mzima ulikuwa umenyamaza kumsikiliza.

"Mwambie mkeo apake mafuta mguu," akasema. Na hapo neno likawa limeshakuwa ahadi.

Kuanzia siku hiyo gereji ilifungwa mapema. Mama Nozeli alimwingiza Mzee ndani, akamfungua. Alijua fika kwamba hawezi kumpita Bwana Harusi. Alikuwa fundi, si mganga. Injini ya Mzee ilivuta hewa yake yenyewe kama mtu anavyovuta pumzi. Ya Bwana Harusi ilikuwa na kipulizio kinachozungushwa na moshi wake wenyewe, kikaishindilia hewa kifuani kwa nguvu. Penye hewa nyingi dizeli nyingi huungua, na penye dizeli nyingi inayoungua vizuri pana nguvu. Hilo halikuwa na ubishi. Lakini mwanawe hakusema Mzee ana nguvu ndogo kuliko gari jipya. Alisema nguvu yake imekwisha. Imetoka na moshi. Na aliyeitunza injini ile miaka yote, akaibadilishia ringi za pistoni kwa mikono yake, akaisikiliza kila asubuhi kama mtoto mwenye homa, alikuwa yeye. Kusema injini imekwisha ni kumwambia fundi wake kwamba alikuwa analala.

Alizitoa nozeli zote nne, akazipima moja moja kwenye pampu yake ya mkono pale kwenye benchi. Tatu zilinyunyiza ukungu mzuri kama wa chupa ya manukato. Ya nne ilidondosha. Akaitengeneza, akaipima, hakuridhika, akaitengeneza tena. Akarekebisha nafasi za valvu, akaosha tangi, akabadilisha kichujio cha hewa, akageuza pampu ya dizeli unywele mmoja mbele na kusikiliza, unywele mmoja nyuma na kusikiliza.

Mkwe alikuwa akipita jioni akitoka kazini, na chupa ya chai. Alikaa juu ya tairi kuukuu akimwangazia tochi kwenye pembe zisizofika mwanga.

"Mama, hii ni ya nini?"

"Inarudisha mafuta yaliyozidi kwenye tangi."

"Na hii?"

"Hiyo ni bolti tu, mwanangu. Si kila kitu kina hadithi."

Mkwe akacheka. Halafu akasema, "Langu ukikanyaga linatoa sauti. Kama mtu anapuliza uji."

"Mh," Mama Nozeli alisema, kichwa kikiwa ndani ya injini. "Ngoja nimalize na huyu kwanza."

Hakulitazama. Alikuwa na Mzee kichwani, na mwisho wake Jumamosi ikafika.

Karakana ya chuo ilikuwa ndefu, yenye paa la bati na madirisha ya juu, sakafu imepakwa rangi ya kijivu na mistari ya njano ya kuzuia watu wasisogee. Katikati, pale penye marola, palikuwa na feni kubwa mfano wa gurudumu la trekta, na pembeni kibanda cha kioo ambamo mwalimu wa injini alikaa na skrini zake. Alikuwa mtu mwembamba, mcheshi, aliyevaa ovaroli safi yenye kalamu mfukoni, na alikuwa akifurahia mashine yake mpya kama mtoto na baiskeli. Matokeo yalionekana kwenye skrini kubwa ukutani ili kila mtu asome. Mtaa ulikuwa umehamia pale. Kinyozi alikuwa amefunga kibanda, akasimama mbele kabisa, na kabla hajaombwa na mtu alikuwa tayari mtangazaji.

"Na sasa, mabibi na mabwana, anapanda Bwana Harusi!"

Mkwe aliiingiza pikapu nyeupe juu ya rola taratibu, bila kugusa mstari. Wanafunzi wakaifunga mikanda mbele na nyuma. Feni ikawashwa. Mwalimu akainua kidole gumba nyuma ya kioo, naye mkwe akaanza kupandisha gia, magurudumu yakizunguka, sindano ya kipimo kwenye skrini ikipanda, hadi alipofika gia aliyoambiwa. Hapo akakanyaga mpaka mwisho.

Gari likaunguruma. Marola yakalia. Bomba la moshi likatoa wingu jeusi lililomezwa na mrija mkubwa wa kutolea moshi nje. Mama Nozeli, aliyekuwa amesimama karibu na mlango kando ya Mzee, alisikia kitu chini ya mngurumo ule. Mluzi uliochanganyika na pumzi. Fuuu. Kama mtu anapuliza uji.

Alikisikia waziwazi. Na akajiambia ni feni.

Sindano ikasita, ikashuka. Skrini ya ukutani ikafikiri, halafu ikaandika: 71.

"Sabini na..." Kinyozi akaishiwa maneno, jambo ambalo mtaa haukuwahi kuliona. "Sabini na moja tu?"

Kitabu cha gari kilisema mia moja sabini na saba. Kila mtu alijua kwa sababu Mkurugenzi alikuwa amewasomea tangu asubuhi. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameshawaeleza kwamba namba ya kitabu ni ya injini ikiwa peke yake, na kwamba njiani kuelekea kwenye magurudumu hupotea kiasi. Lakini kiasi hicho kilikuwa zaidi ya nusu.

Mkurugenzi alicheka kicheko cha mtu aliyekanyagwa. "Jamani, si nilisema? Mguu! Mpeni dereva mwingine. Huyu anakanyaga kama anaogopa kuamsha mtoto."

Watu wakaangua kicheko. Mkwe alishuka kwenye gari. Alisema, "Nilikanyaga mpaka mwisho," lakini alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo mara nyingi bila faida, na hakuna aliyemsikia isipokuwa mama mkwe wake. Akaenda kusimama ukutani, karibu na rafu ya vifaa, akajifanya anasoma bango la usalama.

"Mzee! Mzee! Mzee!" watu wakaanza kuimba.

Mama Nozeli alipanda. Alimwingiza Mzee juu ya rola, gari likafungwa mikanda, naye akafuta jasho la viganja kwenye mapaja. Moyo ulikuwa unamdunda kama injini yenye silinda moja. Akapandisha gia: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mzee alitoa mlio wake ule mnene, ngrrr, usio na haraka. Mwalimu akainua kidole. Mama Nozeli akakanyaga.

Mzee hakuruka. Hakuwa na kipulizio cha kumrusha. Alipanda kama mzigo unavyopandishwa kwa winchi, sawasawa, bila kukatika, sauti ikikua hadi mabati ya paa yakaanza kutetemeka, na nyuma yake moshi ulikuwa mwepesi, unaoweza kuonea ng'ambo. Mama Nozeli alishikilia. Alikuwa anasikia nozeli nne, zote nne, kila moja ikisema neno lake kwa zamu. Hakuna iliyodondosha. Kisha mwalimu akashusha kidole naye akaachia.

77.

Karakana ilipasuka kwa kelele. Kinyozi alirusha kofia yake, haikurudi. Wanafunzi walipiga makofi juu ya mapipa. Mwalimu alitoka kwenye kibanda chake mbio, karatasi mkononi, akamfikia kabla hajafungua mlango.

"Mama, injini hii kiwandani ilipewa farasi tisini na moja. Ukiondoa kinachopotea njiani kwa gari la aina hii, ningetegemea sabini na tano, sabini na sita, likiwa jipya. Jipya! Umelifanya nini?"

"Nimelisikiliza," Mama Nozeli akasema, na kwa kuwa alikuwa yeye, akaongeza, "miaka yote, bila kukosa."

Walimnyanyua. Si maneno tu, walimnyanyua kweli, mwanamke mpana namna ile, watu wanne wakayumba naye hatua kadhaa wakamtua. Mwanawe alikuja akamkumbatia, amenywea lakini akicheka. "Nimeshindwa, mama. Mdharau mwiba mguu huota tende. Mzee ampiga Bwana Harusi! Leo sina la kusema."

Na hapo, akiwa katikati ya shangwe, Mama Nozeli akatupa jicho ukutani. Mkwe alikuwa akipiga makofi. Alikuwa anatabasamu, tena tabasamu la kweli, anamshangilia mama mkwe wake kwa moyo mmoja. Na macho yalikuwa yamejaa maji.

 Mama Nozeli angeweza kugeuza uso. Mtaa ungesimulia siku hii mpaka kufa kwake: Mzee alimpiga Bwana Harusi. Namba ilikuwa ukutani, imeandikwa kwa taa. Hakuna ambaye angeuliza. Na kila siku mkwe angepanda mlima na saruji nyuma, akihemewa na gari, akirudi nyumbani kuambiwa ni mguu.

"Nyamazeni," akasema.

Hawakunyamaza. Akachukua spana kwenye meza ya karibu akaigonga kwenye pipa tupu mara tatu.

"Nyamazeni! Lirudisheni lile jeupe juu ya rola."

"Mama, umeshashinda," Mkurugenzi akasema.

"Sijashinda kitu. Nimeshindana na mgonjwa." Akamgeukia mkwe wake. "Mwanangu, njoo hapa. Ulinieleza gari linapuliza uji. Ulinieleza nikiwa nimeingiza kichwa kwenye injini, nikakupuuza. Leo nimelisikia kwa masikio yangu mawili, likiwa pale juu, na bado nikajidanganya ni feni kwa sababu nilitaka kushinda. Nisamehe."

Mkwe alitoka pale ukutani, akaja kusimama kando yake.

"Hata mimi kuna kitu nimeona," mwalimu alisema, akikuna kichwa kwa kalamu. "Nilikuwa nasubiri kelele zipungue. Kwenye skrini yangu hewa ya kipulizio haipandi. Kipulizio kinafanya kazi, lakini hewa haifiki. Inatoroka."

"Inatorokea wapi?" mtu aliuliza.

"Hapo sasa," mwalimu akasema, "mashine yangu haisemi."

Bwana Harusi akarudishwa juu ya rola. Mwalimu akaingia kwenye kibanda, akamtaka mkwe akanyage kidogo kidogo huku akitazama hewa kwenye skrini. Mama Nozeli alifungua boneti, akafumba macho, akageuza sikio huku na huku. Fuuu. Chini. Kushoto. Lakini mkono wake ulikuwa mpana mno kwa ile nafasi.

"Shuka, mwanangu. Mkono wako mwembamba. Mwingine akanyage." Akatazama kundi la watu, akamwona anayemtaka. "Wewe, Mkurugenzi. Njoo tuone mguu wako."

Mkurugenzi akapanda. Akakanyaga. Gari likahema kama lilivyohema kwa mkewe, wala zaidi wala pungufu, na watu wakaanza kunong'onezana.

"Kanyaga, mwanaume!" Kinyozi akapaza sauti. "Unaogopa kuamsha mtoto?"

"Nimekanyaga mpaka mwisho!" Mkurugenzi akajibu kwa hasira, na alipoyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwake, akageuka kumtafuta mkewe kwa macho.

Mkwe alikuwa amelala juu ya mdomo wa boneti, mkono umezama hadi begani, akipapasa. Uso wake ulibadilika. "Mama. Hapa. Kuna upepo unanipiga vidole."

"Wa moto au wa baridi?"

"Vuguvugu. Ni mpira mnene, unaoingia kwenye bomba. Umechanika kwa chini. Kipande cha kucha tu... hapana, ni zaidi. Gari likikanyagwa, unafunguka kama mdomo."

"Zima!" mwalimu akaita.

Walilegeza klipu, wakauchomoa mpira ule, wakauweka mezani watu wauone. Kwa juu ulikuwa mzima kabisa. Kwa chini, karibu na ncha, palikuwa na mpasuko ambao mtu asingeuona bila kuugeuza. Gari likienda polepole ulijifunga wenyewe. Mlimani, kipulizio kikishindilia hewa, ulifunguka, na nguvu yote aliyopewa Bwana Harusi kiwandani ikawa inapulizwa barabarani.

Mpira ulikuwa na urefu wa ziada. Mkwe mwenyewe ndiye aliyekata ile ncha iliyochanika kwa kisu kikali, Mama Nozeli akimwelekeza aikate wima isipinde, na mwalimu akaleta klipu mpya kutoka stoo. Wakaurudisha. Mkwe akakaza, Mama Nozeli akagusa kwa kidole, akatikisa kichwa, mkwe akakaza tena.

"Sasa panda," Mama Nozeli akasema. "Usimwogope mtu."

Mkwe akapanda. Karakana ilikuwa imetulia kama darasa la mtihani. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kidole gumba nyuma ya kioo. Akakanyaga.

Mara ya kwanza Bwana Harusi alikuwa ameunguruma. Safari hii aliruka. Mkia ulishuka, mikanda ikakazana ikalia kwa mkazo, marola yakapiga ukelele mwembamba uliopanda na kupanda, na hapakuwa na fuuu wala wingu jeusi, ila mluzi safi wa kipulizio kinachofanya kazi kiliyoundiwa. Mama Nozeli alihisi sakafu ikitetemeka kwenye nyayo. Kinyozi alijaribu kutangaza, hakusikika. Sindano ilipita pale ilipoishia mwanzo kana kwamba hapakuwa na kitu pale, ikapita ya Mzee, ikaendelea.

149.

Waliopiga kelele mwanzo walikuwa wanatania. Hizi sasa zilikuwa kelele. Na aliyepiga kubwa kuliko wote, aliyeruka juu mikono hewani mpaka kilemba kikamteleza, alikuwa mwanamke aliyekuwa ameshinda na sasa ameshindwa karibu mara mbili. Alikimbilia mlango wa pikapu nyeupe akaufungua, akamvuta mkwe wake nje, wakakumbatiana wakizunguka juu ya mistari ya njano ambayo watu hawakuruhusiwa kukanyaga.

"Mia moja arobaini na tisa!" mkwe alikuwa anapiga kelele na kulia kwa pamoja. "Mama! Mia moja arobaini na tisa!"

"Kwa mguu wako!" Mama Nozeli alimwambia. "Huo huo!"

Mkurugenzi aliwasubiri wamalize. Kila mtu alikuwa anamtazama, na alilijua hilo. Hakujificha nyuma ya mzaha, jambo ambalo mama yake alilihesabu kwake siku ile kama wema. Alikwenda mbele ya mkewe.

"Uliniambia zaidi ya mara moja," akasema. "Mimi nikalifanya kisa cha kuchekesha watu mezani. Nisamehe, mke wangu. Nimekosa."

"Mbele za hawa hawa ulionicheka nao?" mkewe aliuliza.

"Mbele za hawa hawa."

"Basi sema kwa sauti. Kinyozi hajasikia."

Akasema kwa sauti. Kinyozi akarudia kwa sauti zaidi, kwa manufaa ya waliokuwa nje.

Mwalimu alikuwa amechapisha karatasi yenye mistari miwili, wa bluu wa Mzee na mwekundu wa Bwana Harusi, akawaonyesha. Mwekundu ulipanda juu sana, ukauacha wa bluu mbali. "Mpya ni mpya," akasema. "Nguvu ni karibu mara mbili, na injini zenyewe zinakaribia kulingana kwa ukubwa. Ila tazameni hapa mwanzoni, pembeni kabisa, gari linapoanza kuvuta na kipulizio hakijaamka."

Pale pembeni, kwa kipande kifupi, mstari wa bluu ulikuwa juu.

"Hapo ni mimi," Mama Nozeli akasema.

"Hapo ni wewe, mama. Na wanafunzi wangu wamenituma nikuombe. Siku ya nozeli, uje uwafundishe wewe. Mimi nitakaa nyuma na daftari."

"Nitakuja," akasema. "Lakini benchi lenu la kupimia ni chafu. Nimeliona."

"Litakuwa safi," mwalimu akaahidi, akicheka.

Walipokuwa wanatoka, mkwe alimnyooshea mama mkwe wake ufunguo wa Bwana Harusi. "Nipe wa Mzee, mama. Tubadilishane mpaka nyumbani. Wewe utangulie."

Mkurugenzi alisimama katikati ya magari mawili, hajui aingie lipi. Mkewe akamwelekeza kwa kidevu: Mzee, kiti cha abiria.

Barabara ya kurudi ilipita mlima mrefu wenye kona mbili. Mama Nozeli aliufikia akiwa bado anajifunza mahali pa vitu; usukani ulikuwa mwepesi, kiti kilimkumbatia kiunoni kama kinamfahamu. Akakanyaga. Kwa nukta moja hakikutokea kitu. Halafu kitu fulani kikamsukuma mgongoni, mlima ukaanza kumjia mbio, nguzo za umeme zikapita moja baada ya nyingine, na fundi wa nozeli akajikuta anapiga ukelele peke yake ndani ya gari, kioo kimeshushwa, kama msichana kwenye bembea. Alipita lori. Akapita na basi. Alifika kileleni akiwa anacheka hadi mbavu zikamuuma.

Akaegesha, akashuka, akaketi juu ya jiwe la pembeni kuwasubiri. Aliisikia ngrrr kabla hajaiona. Mzee alitokea kwenye kona ya chini, bluu, bila haraka, moshi mwepesi nyuma yake, mkwe ameshika usukani kwa mikono miwili na Mkurugenzi pembeni ametulia kama mwanafunzi mgeni. Alipanda kwa mwendo ule ule aliouanza, akafika, akasimama kando ya mwenzake.

Mkwe akatoa kichwa dirishani. "Mama, mbona linapanda polepole hivi?"

"Umefika hujafika?"

"Nimefika."

"Basi unalalamika nini?" Mama Nozeli alisimama, akajipangusa vumbi, akafungua mlango wa pikapu nyeupe akaingia tena ndani.

"Mama, ufunguo wangu!"

"Nyumbani," akajibu, akiwasha. "Bado kuna mlima mwingine."